Kamba Iliyolala kwa Mtani

Ngolo anasema aliona kwa macho yake. Anasema siku ile alikuwa amepeleka ng'ombe chini ya Jiwe la Mbega, amekaa kivulini anachonga fimbo, akainua kichwa na kumwona Verdiana kule juu kabisa, amepiga goti ukingoni kama mtu anayesali. Maiko alikuwa ananing'inia katikati ya jiwe, anamwita: "Dada, nivute! Dada, nivute!" Ndipo, anasema Ngolo, kitu kikamulika kwenye jua. Kisu. Mara moja tu, chwap, kama unavyokata kitovu cha ndama. Na kijana akaja chini bila kupiga kelele, kwa sababu mtu aliyeuzwa hapigi kelele, sauti yake huwa imeshachukuliwa siku nyingi.

Akifika hapo Ngolo hunyamaza, anatema mate pembeni, anaangalia chini. Anajua kusimulia, huwezi kumnyima hilo. Kwenye kijiwe cha bodaboda alikosimulia mara ya kwanza kulikuwa na kisu tu. Hadithi ilipofika kwenye mashine ya kusaga ikawa na kitambaa chekundu. Ilipovuka kwenda mtaa wa Nsemulwa, Verdiana alikuwa ameongea na jiwe na jiwe limemjibu. Lakini kote ilikoishia iliishia kwenye neno moja, ndagu, utajiri ule wa kununua kwa damu ya ndugu yako. Mnajiuliza msichana wa darasa la saba amepandaje ndege? Mnajiuliza nani analipwa kwa kupanda mawe? Haya, sasa mmejua.

Verdiana aliisikia akiwa ndani, nyuma ya dirisha, anapepeta mchele. Wanawake wawili walikuwa wanapita barabarani na ndoo, wakaisimulia nzima bila kupunguza sauti. Akaweka ungo chini taratibu, punje isimwagike. Mikono yake ilikuwa imefundishwa kutotetemeka.

Angeyavumilia maneno ya watu. Watu wa mtaa wao wa Misunkumilo walishawahi kusema mengi juu yake, na mwaka uliofuata wakamwomba awapeleke watoto wao Moshi kwenye kazi ya mlimani. Lakini mama yake, Rozalia, alikuwa hali tena chakula cha mkono wake.

Hakumtukana, hakumfukuza. Verdiana akisonga ugali, mama anasema, "Nimeshiba." Akileta uji, mama anasema, "Weka hapo, utapoa." Unapoa, unashika ngozi juu, jioni anapewa kuku. Halafu jirani akileta bakuli la viazi, mama anakula, tena kwa njaa, ameupa mgongo mlango. Siku ya kwanza Verdiana alidhani ni huzuni. Siku ya pili aliona mama anavyonusa kikombe cha maji kabla ya kunywa, ndipo akaelewa.

Asubuhi moja Abednego, mwenyekiti wa mtaa, akaja. Hakuketi. Alisimama uani na kofia mkononi, akaongea kwa sauti ya chini ili mama aliyekuwa jikoni asisikie.

"Binti yangu, watu wamechafukwa."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimesema watu wamechafukwa. Polisi wamekuhoji wamekuachia, hiyo ni sheria. Hawa vijana wa huku si sheria. Nimeitisha kikao kesho alasiri. Nitamuuliza mama yako mbele ya wote. Akisema huyu ni mwanangu, akae, basi mimi nitasimama naye, na atakayekugusa atanikuta."

"Akinyamaza?"

Abednego aligeuza kofia yake. "Akinyamaza, treni ipo. Ondoka kabla giza halijaingia. Na usirudi hata kwa msiba wake."

Ndivyo mambo yalivyokuwa. Mama mmoja, neno moja, kesho alasiri.

Marehemu baba yao, mzee Salvatori, alikuwa mrina asali kule Mpimbwe kabla hawajahamia Mpanda. Asali yake haikuwa ya mizinga ya kwenye miti. Alikuwa anafuata nyuki wa kwenye mapango ya miamba, anashuka kwa kamba ya magome aliyoisokota mwenyewe, mwenge wa moshi begani, kisu mdomoni. Vijana wa kiume wa ukoo waliogopa. Verdiana, aliyekuwa na miaka minane, ndiye alitambaa hadi ukingoni kumwangalia, na baba alipomkuta pale hakumchapa. Alimwambia, "Ukiwa juu, usiangalie mbali. Angalia unaposhika." Tangu hapo wakawa wanakwenda wawili.

Alipomaliza la saba hakuchaguliwa kuendelea. Binamu yake, Deo, alikuwa mpagazi Kilimanjaro, hawa wanaojiita wagumu, wanaobeba mahema na vyakula vya wageni hadi huko kwenye barafu. Akamfuata. Wanaume walimcheka getini: "Huyu dada kaja kupika?" Akabeba. Alibeba hadi shingo ikaota sugu, analala kwenye hema la jikoni kati ya masufuria, anaamka na nywele zimeganda. Miaka ikapita akawa msaidizi wa viongozi wa wageni, halafu kiongozi mwenyewe. Na siku moja akawaona watu wanaopanda Mawenzi, ule upande wa miamba mitupu, kwa kamba na pete za chuma, akasimama kama mtu aliyeitwa jina lake. Ilikuwa kazi ya baba yake ile, ila bila asali.

Alijifunza. Alianguka, akavunjika kifundo, akajifunza tena. Alifika kilele cha Batian kule Mlima Kenya. Alikwenda Peru, akapanda mlima wa barafu ambao jina lake mama hakuweza kulitamka, akawa analiita "kule kwa Verdiana kwenye friji." Kampuni moja ya viatu ya ng'ambo ikawa inamlipa avae viatu vyao apigwe picha akiwa ananing'inia. Picha moja ilifika hadi Mpanda kwenye simu za watu, vijana wa bodaboda wakaichungulia, wakasema, "Oya, huyu si dada yake Maiko?"

Maiko alikuwa bodaboda mwenzao. Alimpenda dada yake hadi inachosha. Kila simu ni, "Dada, lini unanifundisha? Dada, nimeacha sigara, lini?"

Halafu baba akafa, na Verdiana akarudi na mizigo yake yote ya kazi, kamba ikiwemo.

Hapa lazima Ngolo aelezwe vizuri. Ngolo ni Msukuma. Familia yake ilishuka na ng'ombe kutoka kaskazini, wakajenga pembeni ya shamba la Salvatori, na hakuna anayekumbuka nani alianza, lakini Wasukuma wale na Wapimbwe wale wakawa watani. Ngolo akipita asubuhi anapaza sauti: "Nyie Wapimbwe, bado mnakula wali mkavu bila maziwa kama wafungwa?" Naye Salvatori anajibu kutoka chooni: "Na nyie mnaosalimia ng'ombe kabla ya wake zenu!" Ilikuwa hivyo miaka na miaka. Siku ya mazishi Ngolo ndiye alichimba kaburi, na ndiye alilala ndani yake akagoma kutoka, anadai marehemu amekufa na deni lake la asali. Watu walicheka huku machozi yanatiririka. Msiba usio na watani ni msiba wa baridi, kila mtu wa huku anajua.

Halafu Ngolo akaingia chumba cha ndani, akatoka na kamba ya Verdiana ameizungusha shingoni kama dume la mnada.

"Hii nimekamata! Mpaka mnikomboe!"

"Mtani, hiyo si ya ng'ombe!" Verdiana alimwambia, anacheka.

"Kwani ng'ombe wangu wana kosa gani? Ona ilivyo na rangi kama shanga! Nitamfunga nayo Mariana asirudi kwao!"

Mariana ni mkewe. Naye alicheka, kanga mdomoni.

Alichochukua mtani msibani hunyang'anyi. Unakikomboa, kwa jogoo au kwa pombe, na kikirudi hukikagui mbele yake wala huulizi kililala wapi. Ukiuliza umemwita mwizi, umeua utani wa wazee wako. Hiyo ni sheria moja. Na wale wa miamba wana sheria yao: kamba iliyolala mahali ambapo hukuiona, usiipandie. Verdiana alizijua zote mbili. Siku ya kuanua tanga alipeleka jogoo, akapewa kamba yake imesafishwa, inanukia sabuni ya unga. Alikuwa ameiona imetandazwa juu ya uzio kwa Ngolo, inakauka, akawaza, jamani Wasukuma hawa, hadi wameifua. Ikampa faraja. Aliporudi nyumbani aliipitisha yote mkononi, kidole kwa kidole, toka ncha hadi ncha, hakuona kitu. Akakubali.

Hiyo ndiyo iliyokuwa inamtafuna kuliko yote. Kwa mtu mwingine yeyote duniani angeitupa kamba ile. Kwa mtani wa baba yake aliikubali.

Siku ya Jiwe la Mbega yeye ndiye alitangulia. Alipanda mwenyewe hadi juu bila kuteleza hata mara moja, kwa hiyo kamba haikubeba uzito wake. Akaifunga kwenye shina la mti na kwenye nguzo ya jiwe, akakaa, akamwita mdogo wake apande, huku yeye anavuta kamba kidogo kidogo. Maiko alikuja vizuri. Alikuwa anaimba. Karibu na juu mguu ukamtoka, jambo la kawaida, wanateleza wote, kamba ipo kwa ajili hiyo. Verdiana aliusikia uzito unakuja mikononi, akajikaza kuupokea. Halafu uzito haukuwepo.

Ilikuwa hivyo tu. Kamba ikawa nyepesi. Kamba inayoweza kubeba gari, ikakatika kwa kijana mwembamba.

Chini hakukuwa na ng'ombe. Majani yalikuwa yamechomwa moto wiki ileile, ng'ombe angekula majivu? Verdiana alishuka kwa njia ya nyuma, anaparuza magoti, akamkuta Maiko. Alivua koti, akamfunika, akapiga simu kwa vijana wa kijiweni. Ngolo walimkuta njiani, akaja nyuma ya pikipiki ya tatu. Wengine wote walikimbilia mwili. Ngolo alikwenda kwenye kamba.

Aliinama, akaokota ile ncha. Akaishika, akaisugua kwa kidole gumba, akaisogeza puani. Kisha akaiachia kama mtu aliyeokota makaa, akajipangusa mkono kwenye suruali. Verdiana alimwona. Wakati ule hakuwa na akili ya kujiuliza kitu, kichwa cha Maiko kilikuwa mapajani mwake. Lakini jicho lake liliona na kuhifadhi. Na wakati wanambeba, ni Ngolo huyohuyo aliyeuliza kwa sauti ya juu, mbele ya vijana wote: "Dada, wewe si una kisu?"

Alikuwa nacho. Kila mpanda miamba anacho. Kilikuwa kiunoni pake, kinaonekana.

Baada ya Abednego kuondoka, Verdiana aliingia chumbani, akatoa kipande cha kamba alichobaki nacho chini ya kitanda. Alikuwa hajakigusa tangu siku ile, kilikuwa na damu. Alikipeleka dirishani.

Ukikata kamba kwa kisu ncha inakuwa safi, kama nywele zilizonyolewa. Hii ilikuwa imekauka, imekuwa kahawia, na alipoibinya nyuzi zilivunjika kama mabua. Aliposogeza mbele kidogo, kamba ilikuwa nzima. Mbele zaidi, kiraka kingine cha kahawia. Alishaiona hali hii. Moshi, siku za mafunzo, mwalimu wao aliwaletea kamba ambayo dereva aliiweka nyuma ya gari pamoja na betri. Ilionekana mpya. Mwalimu aliwaambia, "Vuteni," wakavuta wawili, ikaachana kama mkate. Asidi ya betri. Inakula ndani taratibu, na mwanzoni huoni alama wala husikii kitu mkononi. Hata ukiifua inaendelea kula.

Alikaa sakafuni. Alikaa hadi kuku wakaja kudonoa mlangoni wakaondoka. Halafu akainuka, akachukua sufuria kubwa la Mariana, lile waliloazima kwa ajili ya msiba, akalibeba kichwani kulirudisha.

Ngolo hakuwepo. Mariana alimpokea bila kumtazama usoni.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka. Ungeacha tu, ningetuma mtu."

"Linakaa wapi? Nikuwekee, ni zito."

"Humo stoo."

Stoo ilikuwa ya giza kidogo, ina harufu ya mashudu. Kwenye kona kulikuwa na betri mbili za gari, zile za kuwashia taa za sola, zimekaa juu ya tofali. Sakafu ya udongo chini yake ilikuwa imebadilika rangi, imeumuka. Gunia lililokuwa karibu limejaa matundu, kingo zake zimeungua bila moto. Na ukutani, juu kidogo ya gunia, kulikuwa na msumari mrefu wa kuning'inizia kamba.

Verdiana aliweka sufuria chini.

"Betri ilipinduka?"

"Mbuzi aliingia," Mariana alisema.

"Lini?"

"Kipindi kile cha msiba wa mz—" Akaishia hapo. Mkono ukaenda mdomoni wenyewe.

Huko nje ndama alikuwa anamlilia mama yake.

"Ndiyo maana mliifua," Verdiana alisema.

"Aliniambia nifue. Alisema ni uchafu tu, mtani asije akatudharau. Mimi nikafua, nikaanika. Mikono iliniwasha siku nzima." Mariana akaanza kulia, analia bila sauti, anajifuta kwa kiganja. "Verdiana, usiniulize mimi. Mimi ni mtu wa kuolewa hapa. Muulize mwenyewe."

Alirudi nyumbani karibu anakimbia. Mama alikuwa uani anachambua mboga. Verdiana alipiga magoti mbele yake, akamweleza yote, akamwonyesha kamba, akazivunja nyuzi mbele ya macho yake. Rozalia alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, na hayo yalikuwa maneno marefu ya kwanza tangu mazishi:

"Umetafuta wee, ukaona umtupie mtani wa baba yako."

"Mama, sijamtupia. Angalia."

"Aliyemchimbia kaburi baba yako. Na la Maiko kachimba yeye. Mikono ileile." Mama alikuwa anakata mboga huku anaongea, kisu kinapiga ubao. "Mimi sijui mambo ya kamba. Sijasoma mambo ya asidi. Ngolo namjua. Wewe uliondoka hapa ukiwa mdogo, wewe ndiye sikujui."

"Mama."

"Aje aseme yeye. Ngolo akisema kwa mdomo wake, nitakula ugali wako. Nje ya hapo usinipigie magoti, mimi siyo padri."

Verdiana alikwenda nyuma ya nyumba, akapiga ukuta wa tofali kwa ngumi, mara moja. Ngozi ilichanika kwenye vifundo. Hakusikia maumivu. Alisikia hasira tu, na haikuwa ya kumwagika, ilikuwa ya kukaa. Hakumchukia mbuzi. Mbuzi ni mbuzi. Hata betri kupinduka, bahati mbaya inaweza kumkuta yeyote. Ngolo angekuja tu kusema, "Mtani, kamba yako imemwagikiwa na betri," wangecheka, angeitupa, kampuni ingempa nyingine, na Maiko leo angekuwa anawachosha watu kijiweni. Sentensi moja. Akaona aibu ya kuharibu kitu cha utani, akanyamaza. Sawa, aibu, hiyo Verdiana alitafuta njia ya kuisamehe. Lakini ile ncha kule chini ya jiwe, ile aliyoinusa. Pale alijua. Pale alijua kabisa, Maiko hajapoa, na akafungua mdomo wake kuuliza habari za kisu.

Asubuhi ya siku ya kikao alikwenda zizini kwa Ngolo, mapema, kabla ng'ombe hawajatolewa. Ngolo alikuwa anaondoa ile miti ya mlangoni mmoja mmoja. Alipomwona, sura yake ilibadilika kidogo, halafu akaipanga upya.

"Ohoo, Mpimbwe! Umekuja kuomba maziwa? Leo nakupa bure, umekonda kama fito."

Verdiana alichukua mti Ngolo aliokuwa ameuweka chini, akaurudisha mahali pake. Akachukua wa pili, akaurudisha.

"Eh! Unafungia ng'ombe wangu?"

"Nafunga."

"Mtani, huu utani wa leo sijauelewa."

"Si utani, Baba Malale."

Hakuwahi kumwita kwa jina la mwanawe maisha yake yote. Kwa Verdiana alikuwa mtani toka akiwa mtoto. Ngolo alishtuka kama amechapwa. Aliangalia nyumbani kwake. Mariana alikuwa mlangoni na ndoo ya kukamulia, alipokutana na macho ya mumewe akaingia ndani, akaiacha ndoo nje.

"Huyo mwanamke amesema nini?"

"Hajasema kitu. Nimeona stoo. Nimeona msumari."

"Vitu vya utani havina kesi," Ngolo alisema haraka. "Hata ukienda wapi. Muulize mzee yeyote. Kitu cha utani kikivunjika, kikipotea, hakuna kesi."

"Sijaja na kesi."

"Basi unataka nini kwangu?" Sauti ilianza kupanda. "Unajua mimi ninavyolala? Unajua nalala? Maiko alikuwa anakunywa maziwa hapa! Hapa, kwenye kibuyu changu! Unadhani mimi nilitaka..." Akakata. Akageuka, akaelekeza fimbo yake ndani ya zizi. "Yule dume mwekundu. Mchukue. Na mtamba yule mwenye baka. Wachukue wote wawili, leo, nitasema nimewatoa kwa ajili ya rambirambi, mama yako atapata maziwa, hakuna atakayeuliza."

"Weka ng'ombe wako."

"Verdiana—"

"Weka ng'ombe wako, nimesema!" Ilitoka kwa nguvu hadi ng'ombe wa mbele walirudi nyuma wakagongana. Jirani mmoja alichungulia juu ya uzio, akajifanya anatafuta kuku. Verdiana alishusha sauti, lakini ilikuwa inakwaruza. "Unanilipa ng'ombe ili niwe nimeuza kweli? Ndicho unachotaka? Nitoke hapa nikiwa naswaga ng'ombe wawili, watu waseme ona, malipo yake yale? Umemwua mdogo wangu kwa aibu yako, ukaona haitoshi, ukaniua na mimi kwa mdomo wako. Nilikuwa nakuona ukinusa ile kamba. Nilikuona. Nilikuwa nimempakata, damu yake inaniingia kwenye nguo, na nilikuona."

Ngolo alifumba macho. Alionekana mzee ghafla, mkubwa kuliko Salvatori alivyokuwa siku anakufa.

Huko nyumbani kwao, ng'ambo ya shamba, moshi ulikuwa umeanza kutoka jikoni. Mama ameamka. Alikuwa anajichemshia maji mwenyewe, ya kwake peke yake.

"Sitaki uende polisi," Verdiana alisema. "Sitaki uende kikaoni. Abednego na vijana wake sina shida nao, wakinifukuza nitaondoka, nina kazi, milima ipo. Nataka uvuke hili shamba. Sasa hivi, na mimi. Uingie jikoni kwa mama, umwambie maneno mawili tu, kwamba betri ilimwagikia kamba na wewe ulijua. Usiongeze kingine. Usiombe hata msamaha, hilo utajua na Mungu wako. Umwambie tu, asikie kutoka kwako."

Ng'ombe walikuwa wameshachoka kusubiri. Wale wa nyuma waliwasukuma wa mbele, na miti ya mlango ikaanza kulalamika. Ngolo aliweka mkono wake juu ya mti wa juu kabisa, hakuuondoa wala hakuusukuma. Verdiana alikuwa ameushika upande wa pili, vifundo vyake bado vina damu iliyokauka.

"Baba Malale. Utakuja?"

Dume mwekundu aliinua kichwa, akalia kuelekea malishoni. Ngolo alikuwa anautazama moshi wa jikoni kwa Rozalia.

"Nimekuuliza. Utakuja?"